Mwacheni mtoto amalize shule, mbio zitamngoja

Mhariri,

Mimi si mtu wa kuandikia magazeti. Nauza mahindi na maharagwe hapa Kachibora, na gazeti lenu hunifikia likiwa limeshapitia mikono miwili, kinyozi jirani yangu ndo hununua, akimaliza kurasa za michezo anampatia mama wa chapati, na mama wa chapati ananiletea kabla hajaanza kulifungia wateja. Kwa hivyo barua ninayojibu niliisoma ikiwa na doa la mafuta katikati lakini maneno yalionekana vizuri tu. Msomaji mmoja alisema ati wanariadha wetu wakishatundika raba wakae kwa mashamba yao wafuge ng'ombe wa gredi, mambo ya uongozi na kelele za haki wawaachie watu waliosoma. Ati mtu aliyezoea kuzunguka uwanja atajua kuongoza aje.

Nilicheka kwanza. Alafu nikakasirika, alafu nikaenda kumpimia mtu gunia mbili nikakosea hesabu ikabidi nirudie, nikajua hii kitu haitanitoka mpaka niandike.

Huyo msomaji anaongea kama kwamba wakimbiaji ni kabila moja na waliosoma ni kabila ingine. Na uchungu wangu si ati amekosea kabisa, uchungu ni kwamba sisi wenyewe huku ndo tunafanya kila siku hiyo kitu anasema iwe kweli.

Hapa Cherangany tuliwahi kuwa na mbunge anaitwa Wesley Korir, mkimbiaji wa marathoni. Niseme mapema, 2013 sikumpigia kura, nilikuwa na mtu wangu, na sitaandika hapa ati alikuwa mbunge wa ajabu ama mbaya, hiyo wenyeji tunabishana wenyewe mpaka leo. Lakini safari yake naijua vile watu wengi wa Trans Nzoia tunaijua, na ndo jibu la hiyo barua.

Ni kijana wa 1982. Akapata skolashipu ya kukimbia Marekani, akaanzia Murray State kule Kentucky, akahamia Chuo Kikuu cha Louisville, jimbo hilohilo, mji alikozaliwa Muhammad Ali. Akasoma bayolojia, akamaliza 2008. Sasa watu wengi huku wanadhani skolashipu ya mbio ni tiketi ya ndege, unashuka, unakimbia, unatuma pesa nyumbani. Hapana. Kwanza hukubaliwi kama huna masomo ya sekondari ya kueleweka, wanaangalia karatasi zako kabla ya kuangalia taimu yako. Ukifika, sheria yao ya michezo ya vyuo inasema mazoezi ya kupangiwa na kochi yasizidi masaa 20 kwa wiki msimu ukiwa umewaka, zile saa zingine wewe ni mwanafunzi kama wengine, na gredi zikishuka unawekwa nje hata kama miguu yako ni ya dhahabu. Fikiria hiyo. Kochi wa huku kwetu akisikia mtoto amewekwa nje juu ya hesabu atasema huyo mwalimu ni mchawi.

Ile ya Chicago ndo mimi hupenda kuhadithia wateja. Oktoba 2008 Korir hakuwa na jina lolote kwa marathoni. Alikuwa anafanya kazi ya ufundi pale yunivasiti, ile ya kurekebisha vitu vimeharibika kwa majengo, taa, sijui bomba, na mazoezi anafanya akitoka huko. Akaingia Chicago Marathoni lakini hawakumweka na wale wakubwa mbele, wakubwa walianza dakika 5 kabla, yeye akaanza na umati, watu wa kawaida wenye matumbo yao na vibandiko vya misaada mgongoni. Alimaliza nambari 4 kwa jumla. Saa 2 dakika 13 sekunde 53. Yaani hao wote wanaolipwa na makampuni ya viatu alikuwa anawakuta mmoja mmoja wakiwa wamechoka na hawajui huyu ametoka wapi, na keshokutwa huyu mtu anarudi kushika spana. Mwaka uliofuata akashinda Los Angeles, saa 2 dakika 8 sekunde 24, akashinda tena 2010. Alafu Aprili 2012 Boston, siku ya joto la karibu nyuzi 30, joto lenye waandaaji walikuwa wanabembeleza watu wasikimbie waje mwaka ujao. Levy Matebo alikuwa ameenda mbele kabisa, Korir ameachwa huko nyuma, akatulia tu kama mtu anachunga, wenzake wakaanza kukauka, kumbuka huyu amesoma bayolojia anajua mwili ukikosa maji unafanya nini, akawaokota mpaka akashinda. Huku ilikuwa jioni ya Jumatatu, sisi tulisikia usiku kwa redio ya kinyozi na watu wakatoka nje wakipiga makofi kwa sufuria.

Lakini kama ingekuwa ni kushinda tu nisingeandika, washindi tunao wengi mpaka tumewazoea.

Desemba 2007 alikuwa amekuja nyumbani, na vita vya uchaguzi vikamkuta huku kama vilivyotukuta sisi sote. Sitaki kurudia yale, mwenye alikuwa Kitale anakumbuka watu walilala showground na watoto mvua ikinyesha. Mimi nilifunga duka wiki tatu na niliporudi nilikuta mizani tu. Korir angeweza kukaa Marekani baada ya hapo na hakuna mtu angemlaumu, alikuwa anamalizia degrii, baadaye ana bibi, Tarah, Mkanada ambaye pia alikimbilia Louisville. Badala yake wawili hao wakaanzisha Kenyan Kids Foundation ya kulipia watoto wa huku karo. Alafu akaja kuomba kura. Na hapa kuna kitu vijana hawajui: zamani huwezi kusimama bila chama, chama ndo kilikuwa kinakuruhusu ama kinakukalia, ni katiba ya 2010 ndo ilifungulia mgombea huru mlango. Korir akasimama huru. Machi 4, 2013 akashinda, akampiga mtu aliyekuwa kwenye kiti, bila chama nyuma yake. Wiki 6 baadaye mheshimiwa yuko Boston amevaa kaptura, akamaliza nambari 5, siku ile ile mabomu yalilipuka pale kwa utepe yakaua watu 3.

Nakumbuka tukicheka hapa dukani, ati mbunge wetu anakimbia kilomita 42 na wabunge wengine hawawezi kupanda ngazi. Na 2016 bado akiwa mbunge alikuwa kwenye timu ya marathoni ya Kenya kule Olimpiki ya Rio, ile Eliud Kipchoge alishinda dhahabu. Korir hakumaliza siku hiyo. Wacha niseme hivyo kwa sababu kuna watu wanapenda kusimulia maisha ya mtu kama hakuna siku alianguka.

Sasa nije kwa hizo kelele za haki zenye msomaji wenu hazipendi. Wanariadha wetu miaka mingi walikuwa kama wachuma majani chai, unaleta kikapu kinapimwa huko ndani wewe hujaona, unaambiwa kilo. Korir alikuwa mmoja wa wale walisimama mbele kwa kile chama chao cha wanariadha wa kulipwa, yeye na akina Wilson Kipsang, wakiuliza maswali ambayo mkimbiaji hakuwa anatakiwa kuuliza: pesa za udhamini zinaenda wapi, mbona vijana wanashikwa na dawa na hakuna mtu anawafundisha mapema, nani anachagua nani. Novemba 2015 wanariadha walienda Nairobi wakafunga milango ya Riadha House, ofisi za Athletics Kenya wanaosimamia riadha nchini, wakakaa hapo siku kadhaa. Wakimbiaji! Watu tumezoea kuwaona wakisema tu asante kwa Mungu na kwa kochi wangu. Mwaka uliofuata bunge likapitisha sheria ya kupambana na dawa, ya 2016, Kenya ilikuwa imebanwa koo na watu wa nje, na angalau kwa hilo jumba kulikuwa na mtu mmoja ambaye amewahi kukojoa kwa kachupa akiangaliwa.

Mtaniambia Kipchoge Keino hakuenda yunivasiti na skolashipu na amelea mayatima Eldoret yeye na mama Phyllis miaka na miaka, akajenga shule, na 2016 kamati ya Olimpiki ikampa ile tuzo ya Olympic Laurel yeye akiwa wa kwanza duniani. Kweli. Mtaniambia Tegla Loroupe, huyu ni wa hapa juu tu milimani Kapsait, mwanamke wa kwanza Mwafrika kushinda New York 1994, akaanza mbio za amani 2003 Wapokot na majirani wakimbie pamoja badala ya kuibiana ng'ombe, akaongoza timu ya kwanza ya wakimbizi Rio, wanariadha 10. Kweli pia. Nawaheshimu, na nikiona Tegla kwa barabara nasimama. Lakini hao ni watu wawili, Mhariri. Huwezi kupangia watoto wa kaunti nzima maisha ukitumia watu wawili ambao hata ungewafungia ndani ya pipa wangetoka. Kwa kila Keino mmoja hapa kwetu naweza kukuhesabia kumi walioshinda gari na sasa wanaomba lifti.

Na hata shule yenyewe si dawa ya kila kitu, sitadanganya. Henry Rono alikuwa mwanafunzi wa Washington State 1978 akavunja rekodi 4 za dunia kwa siku 81, elfu tano, elfu kumi, elfu tatu na ile ya kuruka maji, hakuna binadamu amefanya hivyo tena. Alafu pombe ikamkamata miaka mingi, yeye mwenyewe alikuwa anaisema wazi bila aibu, na alifariki Februari 2024. Olimpiki hakuwahi hata moja, 1976 Kenya ilisusia kwa sababu New Zealand ilikuwa imeenda kucheza rugby na makaburu wa Afrika Kusini, 1980 ikasusia Moscow. Mike Boit naye vilevile, shaba ya mita 800 Munich 1972, alafu hizo mbili zikampita akiwa kwa ubora wake. Tofauti ni kwamba Boit aliendelea na kitabu mpaka akawa daktari wa elimu kule Oregon, akarudi akawa kamishna wa michezo, akafundisha Kenyatta University, na 2004 akawa mmoja wa walioanzisha KenSAP, ile ya kupeleka watoto wakali wa masomo wa Bonde la Ufa kwa yunivasiti kubwa za Marekani, na hapo mwanzoni walikuwa wanawakimbiza mita 1500 kwanza wakiwa hata hawajawahi kukimbia. Serikali iliweza kususia Olimpiki yake. Masomo yake hakuna mtu aliweza kuyasusia.

Sasa wacha nieleze kwa nini mambo haya yananiuma mimi mchuuzi wa mahindi.

Nilikuwa nakimbia. Mita 800, 1989 nilifika mkoa nikiwa Form Two. Nilitolewa shule mwaka uliofuata juu ya karo na hiyo ni hadithi ya watu wengi, tuipite. Lakini nilipoona mtoto wa kaka yangu ana miguu nilisema huyu hatatolewa. Nitamwita Kip, jina lake si hilo. Karo nililipa mimi, gunia kwa gunia. Form Two, muhula wa pili, akapotea. Tukamtafuta siku nne. Kumbe kuna jamaa alimwona kwa kroskantri ya kaunti akamwambia kijana kama wewe unapoteza wakati na kemia, twende kempu. Akampa trakisuti moja na raba zilizotumika. Trakisuti moja, Mhariri! Kaka yangu alipoona ile trakisuti akasema wacha aende, Mungu amefungua. Mimi nikapiga kelele nikaambiwa nina wivu kwa sababu mimi sikufika.

Miaka miwili baadaye akaja dukani jioni moja na karatasi. Stima ilikuwa imepotea, nikaweka tochi ya simu juu ya mfuko wa maharagwe, tukazitandaza kwa sahani ya mizani. Kurasa tisa, Kiingereza tupu, herufi ndogo kama mtama. Akaniambia, "Anti, wanataka nisign leo, meneja amesema kesho anasafiri." Nikamuuliza zinasema nini. "Ni za kukimbia nje." Nikamuuliza tena zinasema nini. Akanyamaza. Mimi nina D ya Form Four niliyofanya nikiwa mtu mzima na watoto wawili, nikaanza kusoma na kidole. Asilimia 15 ya meneja niliielewa, hiyo nimesikia ni kawaida kwa hii biashara. Lakini kulikuwa na neno moja lilikuwa linajirudia karibu kila ukurasa, "recoverable". Tikiti ni recoverable. Viza ni recoverable. Chakula cha kempu ni recoverable, raba pia, zile zilizotumika. Nikampigia mwalimu mmoja mstaafu wa huku kwetu nikamsomea herufi kwa herufi kwa simu, akakaa kimya kidogo akasema mama, maana yake hizo zote ni deni, watajilipa kwanza. Nikamgeukia Kip nikamwambia usisign, waambie unataka siku saba utafute wakili. Akaniangalia kama mtu nimemwambia apige polisi kofi. "Anti, ukiuliza maswali wanachukua mwingine." Akasign hapohapo na kalamu yangu ya kuandikia madeni.

Alikimbia Ulaya mara tatu. Ile ya kwanza, nusu marathoni, alikuwa nambari 4 akatupigia simu analia furaha, zawadi ilikuwa euro 1,500. Aliporudi alikuwa na shilingi 11,000 mfukoni na karatasi ya hesabu ambayo mpaka gharama ya sindano ya goti ilikuwa hapo. Akiuliza anaambiwa kifungu fulani, kifungu fulani yeye hajui. Alafu goti likakataa kabisa na simu zikaacha kushikwa. Saa hii ana miaka 24, anaendesha boda hapa steji, si vibaya, boda ni kazi, lakini angalia vile ameshikwa: hana karatasi ya Form Four, hawezi kuingia polisi, hawezi jeshi, hata ile kozi ya ukocha ya maana wanamuuliza cheti.

Sasa mchukue Kip umweke kando ya Korir. Miguu sitasema ni sawa, sijui, lakini wote ni wa mchanga huu huu, uji ule ule. Mmoja alipewa kontrakti akajua kuisoma na akajua pia ana haki ya kusema ngoja. Na hiyo ya pili ndo kubwa. Watu hudhani masomo yalimpa Korir Kiingereza. Kiingereza hata Kip anaongea akikunywa soda mbili. Kitu mtu anapata akikaa miaka minne mahali anauliza mwalimu swali na mwalimu anajibu bila kumpiga ni kuzoea kuuliza. Ndo maana wengine waliweza kuketi Riadha House na kusema hatutoki mpaka tujibiwe. Mtoto mwenye ametolewa shule akiwa na miaka 15 akafundishwa kwamba kochi anajua, meneja anajua, nyamaza ukimbie, huyo utamwambia aje ajiunge na chama?

Kwa wasichana mambo ni mabaya zaidi na sitaki kupita hapo kama sijaona. Kuna kochi anachukua msichana kempu, baada ya muda ni kochi na ni bwana, na akaunti ya benki ni ya bwana, na shamba limeandikwa jina la bwana. Agnes Tirop aliuawa Iten Oktoba 2021, bingwa wa dunia wa kroskantri, miaka 25. Baada ya hapo wanariadha wenzake wakaanzisha Tirop's Angels kusaidia wanawake wanaonyanyaswa, na hao pia ni wakimbiaji, na hiyo pia ni uongozi, msomaji wako atasema nao warudi kwa ng'ombe?

Nawauliza walimu wa huku, na si kwa ubaya, mbona kipindi cha PE kila mwaka ni cha kwanza kuliwa na hesabu? Alafu mtoto akifika nationals mnapiga naye picha. Mnamwambia kwa vitendo kwamba kukimbia ni huko nje na kusoma ni huku ndani, achague. Anachagua. Mtaala mpya umeweka njia ya Sanaa na Sayansi ya Michezo kule senior school na mimi nilifurahi kusikia, mpaka mzazi mmoja akaniambia mwanawe amewekwa hapo "kwa sababu kichwa yake ni ngumu". Ndo hiyo sasa. Mahali pa kutupa wale wameshindwa. Huko Louisville Korir alikuwa anasoma seli na damu ili aelewe anachofanya barabarani, huku tunadhani sayansi ya michezo ni kubeba mipira.

Na nawauliza wazazi wenzangu, hii trakisuti moja ina nini?

Mimi ningependa, na najua mimi ni nani niseme, mtoto wa shule asichukuliwe kempu ya kulala mpaka amalize Form Four, ama hiyo Grade 12 yenu mpya. Likizo sawa, wikendi sawa. Miguu ya miaka 18 bado iko, Korir alishinda Boston akiwa na 29, mnakimbilia nini? Na kontrakti iandikwe pia kwa Kiswahili, isomwe mbele ya mzazi na mtu wa tatu ambaye si rafiki ya meneja, alafu kijana apewe siku za kufikiria kabla ya kalamu. Benki ikikukopesha elfu hamsini inakusomea masharti mpaka unasinzia, kwa nini mtu anayeuza miaka yake mitano asisomewe? Kaunti yetu ina pesa za basari na kuna kamati za michezo zimejaa watu wa kuvaa kofia, mmoja wao akae na hii kitu.

2017 Korir hakurudi bungeni, tulichagua mwingine, ndo kura. Hilo pia nimesikia watu wakilitumia, ati mnaona, mkimbiaji alishindwa. Wabunge wangapi walioitwa wasomi walishindwa mwaka huo na hakuna aliyesema basi wanasheria wote warudi kwa ng'ombe?

Kip amejiandikisha kama mtahiniwa wa kibinafsi. Jioni akishapeleka pikipiki anakuja hapa tunafunga mlango nusu, mimi napanga magunia yeye anafanya maswali ya kemia, ile ile aliambiwa anapoteza wakati nayo, na kuna siku anachoka analala kwa gunia na kalamu mkononi namwacha. Ile kontrakti bado iko kwa droo chini ya daftari la madeni, kurasa tisa, muda wake bado haujaisha kulingana na hesabu yao. Kama kuna wakili anasoma gazeti hili na anapita Kitale, Kachibora si mbali, ashuke steji aulize mama wa mizani. Chai iko. Na huyo msomaji wa wiki jana naye aje, nitampatia ukurasa wa tatu anieleze yeye aliyesoma.

Mama Mizani,
Kachibora, Trans Nzoia